Nilivyopanga umbali kati ya midi na twita kwenye spika za ubao wazi

Spika ya ubao wazi haina kasha. Midi (spika ya sauti za kati) na wufa (ya besi) hufungwa kwenye ubao, migongo yao ikabaki wazi, na sauti ikatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Sauti hizo mbili ni kinyume, moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, kwa hiyo zikikutana ubavuni hufutana. Hapo ndipo aina hii iliponinasa. Sebule yangu iko ghorofani mtaa wa Umoja, Nairobi, na kuta za kando ziko karibu mno. Kadiri zinavyopokea sauti kidogo, ndivyo gitaa la benga linavyosikika wazi, kila uzi na nafasi yake.

Jambo lililonikalia kichwani kuliko mbao au besi ni hili: twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ikae juu ya midi kwa umbali gani? Kwenye masafa ya krosova, yaani pale midi inapoikabidhi twita kazi, midi na twita huimba sauti ileile. Ukiwa umeketi, zinakufikia pamoja. Ukisimama, twita inakuwa karibu na sikio kuliko midi, na sauti ya midi inachelewa. Ikichelewa kwa nusu wimbi, zinafutana na shimo linatokea katikati ya sauti ya mwimbaji. Kwangu watu husimama, hupita na vikombe vya chai, watoto hulala kwenye zulia. Sikutaka spika ya mtu mmoja aliyekaa kitini asitikisike.

Ukiuliza tu sentimita ngapi, hupati jibu la maana. Uliza umbali huo ni sehemu gani ya wimbi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la Hezi 2,500 (mitetemo 2,500 kwa sekunde) lina urefu wa karibu sentimita 13.7, na la Hezi 1,800 lina sentimita 19.

Nilinunua midi ya inchi 6.5 na twita ya kuba Luthuli Avenue. Fremu ya midi ina kipenyo cha sentimita 16.5, bamba la twita 10.4. Zikigusana, kitovu hadi kitovu ni sentimita 13.5. Kisha nikaenda Gikomba kwa seremala na kipande cha plaiwudi ya milimita 18.

“Fundi, nitobolee tundu la midi katikati. Juu yake tundu la twita kwa sentimita 20, na chini yake jingine kwa 13.5.”

“Bosi, kwani twita ni mbili?”

“Ni moja. Nitakuwa naugeuza ubao, tundu lisilotumika naliziba.”

Akanielewa mara moja, akachora mistari yake na kunikatia matundu safi kabisa.

Nyumbani niliweka maikrofoni mita 2.5 kutoka kwenye ubao, kwanza kimo cha sikio la aliyeketi, kisha sentimita 70 juu zaidi. Nilipima kwa Room EQ Wizard, programu ya bure. Krosova ilikuwa ya kidijitali, kichujio cha Linkwitz-Riley kinachopunguza sauti kwa desibeli 24 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapoongezeka au kupungua maradufu. Siegfried Linkwitz, ambaye baadaye alitengeneza spika za ubao wazi za Orion na LX521, aliandika kuhusu vichujio hivyo mwaka 1976, na jina la pili ni la mwenzake Russ Riley. Uzuri wake ni kwamba midi na twita hubaki sambamba kwenye krosova, kila moja ikiwa chini kwa desibeli 6.

Kwa sentimita 20 na krosova ya Hezi 2,500, hesabu ilisema aliyesimama atapoteza karibu desibeli 10 pale kwenye krosova. Mchoro ulionyesha shimo papo hapo. Kwa sentimita 13.5, hesabu ilishuka hadi desibeli 3 na kitu. Niliposhusha krosova hadi Hezi 1,800, haikufika hata 2. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, mwimbaji hakuhama.

Ila kushusha krosova kuna gharama. Kutoka 2,500 hadi 1,800, mwendo wa kuba la twita unakaribia kuwa maradufu kwa sauti ileile. Ndiyo maana nilikataa zile twita ndogo zenye sumaku ya neodimia, ingawa zinavutia kwa kuwa zinakaa karibu sana na midi. Nyingi hazipendi kushuka chini. Chukua mfano wa twita ndogo inayokaa sentimita 11 kutoka kitovu cha midi lakini inadai krosova ya Hezi 2,800: umbali huo ni asilimia 90 ya wimbi. Twita yangu kubwa, kwa 13.5 na Hezi 1,800, ni asilimia 71. Ukipima kwa wimbi, kubwa ndiyo iliyo karibu zaidi, na ina nguvu ya kutosha huko chini.

Upana wa ubao nao uliamuliwa na krosova hiyohiyo. Ubao wa sentimita 60 ungenisaidia kwenye besi, lakini sauti ya nyuma ingezunguka kama sentimita 30 na kufuta ya mbele karibu na Hezi 1,140, ndani kabisa ya eneo la midi. Nilikata sentimita 24. Mzunguko ukawa kama 12, na shimo hilo likapanda hadi karibu Hezi 2,860, juu ya krosova. Chini ya Hezi 480 hivi midi inapungua desibeli 6 kila oktava, kwa hiyo naiongezea kidogo, na kwenye Hezi 250 naikabidhi kazi kwa wufa ya inchi 12 iliyo kwenye fremu yenye umbo la H. Hapo umbali haunisumbui: wimbi la Hezi 250 lina urefu wa mita 1.37, na wufa iko sentimita 40 tu chini ya midi.

Spika hizi zinahitaji angalau mita moja kutoka ukuta wa nyuma, na sebule ya kupanga haina mita ya kuchezea. Nimefunga magurudumu madogo chini ya fremu na kuweka alama sakafuni. Tukitaka kusikiliza nazivuta hadi kwenye alama, tukimaliza zinarudi ukutani.