Nilivyompeleka Mama Mumbai kutoka Tukuyu

Tiketi iliandika kwamba ndege inaondoka Dar es Salaam 17:10 na kufika Mumbai 01:40. Mdogo wangu akahesabu kwa vidole: masaa nane na nusu angani. Mama, ambaye mguu wake huvimba akikaa sana, akasema, “Mwanangu, hapo mimi siwezi.”

Nikamweleza taratibu. India wako mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, kwa hiyo wakati kwao ni 01:40, huku kwetu ni saa tano na dakika kumi usiku. Angani ni masaa sita tu, kilomita kama 4,700. Akaniuliza mara mbili, kisha akakubali.

Mimi nilichokihofia kilikuwa kufika Dar. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 800: Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, halafu Mikumi, ambako magari hupita hifadhini polepole kwa ajili ya wanyama. Ni kukaa kutwa nzima, kwa mguu ule! Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 690, na jeti hutumia saa moja na dakika chache. Lakini nilishawahi kukaa pale Songwe tukisikia ndege ikizunguka juu ya ukungu, mwisho ikageuza kurudi Dar bila kutua. Basi nikakata tiketi ya siku mbili kabla. Ndugu waliona natupa hela za gesti. Siku yenyewe tulitoka Tukuyu saa tisa usiku, tukaenda hadi Uyole, tukavuka jiji lote la Mbeya nyuma ya malori ya Tunduma. Ukungu ulikuwepo kweli. Ndege ya saa moja asubuhi iliondoka saa nne.

Jambo lililohitaji akili zaidi lilikuwa dawa. Mama alikuwa anameza kila baada ya masaa manane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Nikaamua saa yangu ya mkononi isiguswe, ibaki ya nyumbani. Kidonge cha saa nne alikimeza tukiwa juu ya bahari, na kule Mumbai ratiba ikawa saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na nusu jioni na saa sita na nusu usiku. Wauguzi niliwaandikia saa zao kwenye karatasi. Hakukosa hata kimoja.

Kurudi, tiketi ilisema Alhamisi 03:00. Hapa nawaomba muwe makini sana. Sisi tukisema Alhamisi usiku tunafikiria giza linaloingia baada ya mchana wa Alhamisi, kumbe ile ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Mwenye gesti kule Mumbai alikuwa ameshatuandikia teksi ya usiku uliofuata. Tukatoka Jumatano, mara baada ya chakula cha jioni.

Tiketi hiyo ilionyesha kufika Dar 06:30, na Mama akauliza kama ndege hii ina kasi kuliko ile ya kwanza. Nikamwambia ni masaa sita yaleyale, ila sasa tunarudishiwa yale mawili na nusu. Saa yangu ilipofika kumi na mbili asubuhi nikampa kidonge na maji. Nusu saa baadaye tulitua, na saa ya ukutani pale uwanjani ilikuwa sawasawa na ya mkononi mwangu.