Punje za mahindi mfukoni: nilivyojifunza kuhesabu vitwitwi

Kazi yangu ni ukarani wa mwalo, kusini mwa mji wa Kigoma, jirani na pale mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Nahesabu madebe ya dagaa, nahesabu mitumbwi, nahesabu madeni ya watu. Basi siku moja akaja mgeni wa kutazama ndege, akaniuliza kama vitwitwi wa hapa wamepungua. Nikajibu upesi: wamepungua sana! Akauliza, kutoka wangapi hadi wangapi? Nikabaki kimya. Karani mzima.

Vitwitwi nimekua nao. Ni kidege cha kahawia chenye tumbo jeupe, kila kikisimama kinatikisa mkia utadhani kimekanyaga mchanga wa moto, kinadonoa nzi kwenye dagaa walioanikwa. Nilimdhani mwenyeji. Kumbe huzaliana kando ya mito ya Ulaya na Asia, anatufikia kuanzia mwezi wa nane hivi na kufikia mwezi wa tano ameshaondoka. Wenzake wanaokimbia kwa makundi kwenye tope la mdomo wa mto wanatoka mbali zaidi, kaskazini kabisa mwa Urusi. Aliye mdogo kuliko wote hao ana gramu 25 tu hivi, uzito wa betri moja ndogo ya tochi.

Nilianza kuwahesabu Januari, kwa kuwa ndio mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi tangu 1967. Wakati huo wametulia, hawapo safarini, kwa hiyo aliyehesabiwa huku si rahisi ahesabiwe na kule.

Mwaka wa kwanza niliharibu kabisa. Nilitembea ufukweni nikiandika kila nimwonaye, nikapata 41. Wakati wa kurudi, njia ileile, nikapata 17. Nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa nikawaza, hata dagaa hawapotei hivi mbele ya macho ya karani. Shida ilikuwa kwamba kitwitwi ukimkaribia huruka chini chini juu ya maji, anazunguka kidogo, halafu anatua mbele yako. Unamfukuza tena, unamwandika tena. Ndege mmoja nilimhesabu labda mara tano.

Mama mmoja anayeanika dagaa alikuwa ananitazama. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, dagaa wamekwisha hata unahesabu hawa walaji wa nzi?"

Dawa ya shida yangu ilikuwa ndogo tu. Nilichagua kipande kimoja cha ufukwe, kutoka mwembe mkubwa hadi kwenye mabaki ya boti la zamani, nikawa natembea asubuhi, saa moja, kabla watu hawajajaa. Anayetua mbele simhesabu. Namhesabu anaponizunguka na kubaki nyuma yangu, na hapo punje moja ya mahindi inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mwisho wa safari nahesabu punje, si kumbukumbu.

Kosa jingine lilinichukua muda kuliona. Kuna siku niliambulia patupu, nikaona aibu kuandika sifuri. Lakini mstari mtupu kwenye daftari hausemi kitu: ndege hawakuwepo, au karani hakuwepo? Sasa sifuri naiandika kubwa.

Kisha ziwa likapanda. Kuanzia 2020 maji yalikula mchanga mwaka hadi mwaka, mwembe wangu ukasimama majini. Hesabu ikashuka, na nikakaribia kumtangazia kila mtu kwamba vitwitwi wanakwisha. Lakini ufukwe wenyewe ulikuwa umebaki ukanda mwembamba. Ndege angesimama wapi? Tangu hapo, kando ya idadi naandika upana wa mchanga kwa hatua zangu. Hesabu yangu peke yake haiwezi kusema dunia nzima inaendaje, na sitaki iseme.

Hali ya dunia yenyewe ni mbaya. Mwaka 2024, IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, lilisema aina 16 za ndege wa ufukweni wanaohama zimesogea karibu zaidi na hatari ya kutoweka. Miongoni mwao yumo mmoja wa wale wa Urusi, mwenye mdomo uliopinda, anayekuja hadi Afrika. Mwaka 2025 likatangaza kwamba ndugu yao mkubwa, mwenye mdomo mrefu mwembamba, ametoweka. Mara ya mwisho alionekana kwa hakika Morocco mwaka 1995. Alikuwa amewindwa, na maeneo ya majimaji aliyoyategemea yalikuwa yamekaushwa. Nilipopiga hesabu ya miaka hiyo 30, ile sifuri niliyoionea aibu ilinirudia.

Ulinzi wetu hapa ni mdogo. Vipande vya nyavu kuukuu tunaviokota mchangani, maana huwanasa ndege miguu. Watoto waliokuwa wakiwapiga kwa manati nimewagawia punje za mahindi. Januari iliyopita nilitembea na binti wa darasa la tano. Mimi nikapata 19, yeye 21.

"Mjomba, wawili walipita ulipokuwa unafuta miwani," akasema.

Tukaziandika zote mbili.