Kumbukumbu ya Mradi: Kuoanisha Amplifaya na Spika

Awamu ya kupima spika imekamilika, na matokeo yake yamebadilisha mpangilio wa kazi iliyobaki. Lengo la mradi ni kuamua, kwa vipimo kwanza na kwa masikio baadaye, ni ipi kati ya amplifaya mbili nilizo nazo, moja ya valvu na nyingine ya transista, inayozifaa spika zangu za kusimama sakafuni. Wengi huanza kwa kulinganisha wati. Mimi nimeanza na impidansi, yaani ukinzani wa spika dhidi ya mkondo geu, kwa sababu ukinzani huo hupanda na kushuka kadiri masafa ya sauti (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi) yanavyobadilika, na amplifaya hulazimika kuufuata.

Nimeunganisha rezista ya omu 1,000 mfululizo na spika, nikapitisha toni safi kutoka kwenye kompyuta, kisha nikapima volti kwenye ncha za spika hatua kwa hatua, nikilinganisha na rezista ya omu 8.2 ambayo thamani yake naijua. Malitimita za kawaida huanza kupotosha vipimo masafa yanapopanda, kwa hiyo kuanzia kilohezi 1 nimetumia kadi ya sauti ya kompyuta.

Grafu ya impidansi ina vilele viwili katika besi, kimoja kwenye hezi 24 na kingine kwenye hezi 62, na kati yake kuna bonde kwenye hezi 38, ambako tundu la hewa la kasha linafanya kazi. Kilele kingine cha omu 20 kipo karibu na kilohezi 2, pale wufa (kipaza cha sauti nzito) inapoikabidhi twita (kipaza cha sauti nyembamba) kazi. Jambo zito zaidi liko kwenye hezi 110, ambako impidansi inashuka hadi omu 3.5. Kibandiko cha nyuma kinasema omu 8. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya ile iliyotajwa, yaani omu 6.4 kwa spika ya omu 8. Kwa kipimo hicho spika hizi ni za omu 4, na hivyo ndivyo nitakavyozihesabu kuanzia sasa.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Volti 28.3 zikiingia kwenye omu 8 huvuta ampea 3.5 na kutoa wati 100. Volti hizo hizo zikikutana na omu 3.5 huvuta ampea 8.1. Amplifaya yenye transfoma ndogo ya umeme huishiwa nguvu hapo, tena katika masafa ya gitaa la besi na ngoma. Hata usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme fulani, unahitaji kusomwa upya: desibeli 87 zilizoandikwa zilipimwa kwa volti 2.83, ambazo ni wati 1 kwenye omu 8 lakini ni wati 2 kwenye omu 4, kwa hiyo kwa kila wati napata takriban desibeli 84. Kwa kuwa kila nyongeza ya desibeli 10 hudai wati mara 10, punguzo la desibeli 3 lina maana ya kuhitaji nguvu maradufu.

Upande wa valvu, swali ni impidansi ya amplifaya yenyewe. Amplifaya ya namna hiyo haifai kuendeshwa bila mzigo, yaani bila spika au rezista iliyounganishwa, kwa hiyo nimepima kwa mizigo miwili: kwa omu 8.2 nimepata volti 2.00, na kwa omu 4.1 nimepata volti 1.67, jambo linaloonyesha impidansi ya ndani ya takriban omu 2. Spika inapotoka omu 20 hadi omu 3.5, impidansi hiyo peke yake inashusha sauti ya hezi 110 kwa desibeli 3 ikilinganishwa na ile ya kilohezi 2. Waimbaji watasogea mbele na besi ya kati itakonda. Amplifaya ya transista, yenye omu 0.05 tu, inaleta tofauti ya desibeli 0.1, ambayo siamini kwamba sikio litaitambua.

Sisemi kwamba valvu zimeshindwa. Spika ya kielektrostatiki (inayotikisa utando mwembamba kwa chaji ya umeme) ya Quad, iliyotolewa Uingereza mwaka 1957, ilioana vizuri na amplifaya ya valvu ya kampuni hiyo hiyo yenye wati 15, na amplifaya za transista zenye volti kubwa ziliweza kuiharibu. Kuoana kuna mipaka pande zote mbili, na ndiyo sababu natilia shaka mashauri yanayosema tu “ongeza wati”.

Amplifaya yangu ya valvu ina ncha mbili za kuunganishia spika, za omu 4 na za omu 8. Vipimo vya hapo juu ni vya ncha za omu 8. Nikihamia za omu 4, impidansi ya ndani itapungua hadi karibu omu 1, na tofauti ya desibeli 3 itakuwa 1.8. Jaribio linalofuata litashindanisha ncha hizo na amplifaya ya transista, sauti zikiwa zimesawazishwa kwenye kilohezi 1 kwa tofauti isiyozidi desibeli 0.2, kwa sababu sikio huipendelea sauti iliyo kubwa kidogo hata pale ambapo haina ubora zaidi.