Milimita 190 chini ya meza: jinsi nilivyoiweka giaboksi ya mnyoo mahali pasipoenea

Meza yenyewe haina makuu. Ni sahani ya chuma kisichoshika kutu, kipenyo mita moja, inazunguka polepole ikikusanya chupa zinazotoka kwenye mashine ya kujaza kabla hazijaenda kubandikwa lebo. Miaka yote ilizungushwa na mota ya gia iliyosimama wima chini yake, urefu sentimita 54. Tulipopanga laini upya, chini ya meza pakapitishwa bomba la maji ya kuoshea na chaneli ya nyaya, na kimo kilichobaki kikawa milimita 190. Nilipima kwa futi mara tatu, kisha nikakata kipande cha mbao cha urefu huo na kukipitisha. Kilipita kwa kusugua.

Kwa kimo kile, jibu lilikuwa moja tu: giaboksi ya mnyoo, ilazwe ubavu, shafti yake inayotoka iangalie juu na mota ilale pembeni. Kwa ambaye hajawahi kuifungua, ndani mna vitu viwili vya maana. Kuna shafti ya chuma kigumu iliyochongwa mzingo kama skurubu, ndiyo mnyoo, na kuna gurudumu la bronzi linalosukumwa nayo. Mnyoo wenye mzingo mmoja ukizunguka mara moja, gurudumu husogea jino moja. Gurudumu likiwa na meno 60, mota inazunguka mara 60 ndipo meza izunguke mara moja. Upunguzaji wote huo unafanyika kwenye hatua moja, ndani ya boksi unaloweza kulikumbatia, na shafti mbili zinapishana kwa pembe mraba. Hapo ndipo nafasi inapookolewa.

Kabla ya kuagiza nilitaka kujua meza inahitaji nguvu kiasi gani hasa, maana mota ya zamani ilikuwa kubwa bila sababu. Nikaijaza chupa, nikafunga kamba ukingoni, nikavuta kwa mizani ya ndoano. Ilianza kusogea mizani iliposoma kilo 15, yaani takriban nyutoni 147. Zidisha kwa nusu mita, unapata nyutoni mita 74. Nikaongeza nusu yake kwa ajili ya kuwaka na kuzima kila mara, ikawa 110 hivi.

Upande wa mota hesabu ni 9550 mara kilowati mara ufanisi, gawanya kwa mizunguko ya shafti inayotoka. Mota ya kilowati 0.55 inayozunguka 1400 kwa dakika, kwa uwiano wa 60, inatoa mizunguko 23. Ufanisi niliuweka 0.62. Jibu: nyutoni mita 140. Wengi huteleza kwenye huo ufanisi, wanauandika 0.9 kama vile ni gia za meno ya kawaida. Meno ya kawaida yanabingirika, mnyoo unasugua. Kadiri uwiano unavyokuwa mkubwa ndivyo msuguano unavyokula zaidi, na kwa uwiano wa 60 kupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu si ajabu.

Ukubwa wa giaboksi hizi hutajwa kwa umbali kati ya mhimili wa mnyoo na mhimili wa gurudumu. Ya milimita 63 ilikuwa inagota kwenye kikomo chake, nikachukua ya 75. Ikilala ubavu kimo cha boksi si tatizo hata kidogo. Tatizo ni flenji ya mota, yaani sahani ya mbele ya kuifungia kwenye boksi. Mota ya fremu 80 (huo ni ukubwa wa mota) yenye flenji kubwa, ile ya B5, ina kipenyo cha milimita 200. Kwangu hiyo haiingii hata ukiibembeleza. Flenji ndogo ya B14 ni milimita 120, na hapo kinachoamua ni kiwiliwili cha mota chenyewe, ambacho kwa ile niliyoipata kilikuwa 160 hivi. Boksi la nyaya nililigeuza likaangalia pembeni. Ukiagiza mota bila kutaja flenji, utaletewa yoyote iliyopo stoo.

Nilitaja flenji, nikasahau kutaja mkao, na kosa hilo ndilo lililonigharimu.

Wiki saba baada ya kuifunga, kijana ninayefanya naye kazi alikuja kuniita. "Fundi, njoo usikilize, inalia upande wa juu tu." Alikuwa ameshika bisibisi ndefu, ncha kwenye boksi, mpini sikioni. Nikasikiliza na mimi. Chini kimya, ule mvumo wa kawaida. Juu kulikuwa na sauti ya mchanga ndani ya kopo.

Tukaifungua. Oili ilikuwepo, tena safi. Beringi ya chini iling'aa kwa oili. Beringi ya juu ilikuwa kavu kabisa, ganda lake la ndani limegeuka rangi ya zambarau iliyoelekea bluu, na kizuizi cha gololi kimeanza kumeguka. Nilipoiweka kiganjani na kuizungusha kwa kidole ilikwama kila robo mzunguko.

Sababu nilikuja kuielewa nimekaa sakafuni na michoro. Boksi lilijazwa oili kiwandani kwa ajili ya shafti inayolala. Shafti ikilala, oili inafika nusu ya boksi, gurudumu linachota na kurushia beringi zote mbili. Ukililaza ubavu kama nilivyofanya, beringi moja inazama na nyingine inabaki ghorofani, na gurudumu linalozunguka kwa uvivu mara 23 kwa dakika halina nguvu ya kuirushia chochote. Juu ya hapo kipumulio, kile kizibo chenye tundu la kutolea hewa, kikawa pembeni, chini ya usawa wa oili, kikawa kinatoa jasho la oili kila boksi likipata moto. Ule unyevu nilikuwa nimeuona wiki ya pili. Niliufuta kwa tambara nikaendelea na shughuli zangu.

Watengenezaji wana jedwali la mikao, kila mkao na alama yake, kiasi chake cha oili na mahali pa kila kizibo. Boksi ndogo nyingi za alumini huja zimefungwa moja kwa moja na oili yake, hazina hata kizibo, na hizo hazisumbui sana. Yangu ilikuwa ya chuma cha kusubu yenye vizibo vinne. Ya aina hiyo lazima useme itakavyokaa.

Matengenezo hayakuwa magumu kama nilivyoogopa. Pale juu niliweka beringi ya ukubwa uleule lakini iliyofungwa kwa mpira pande zote mbili, yenye girisi yake ndani, ili isitegemee kurushiwa. Kipumulio nikakihamishia kwenye tundu lililokuwa juu kabisa kwa kiungo cha pembe, na tundu la zamani nikaliziba. Kiasi cha oili nikakiongeza kufuata jedwali, ila sikuijaza hadi mdomoni, kwa sababu oili ikipata moto hutanuka na isipopata pa kutanukia inasukuma sili.

Kuhusu oili yenyewe, nusura niharibu mara ya pili. Ya kiwandani ilikuwa ya sintetiki ya poliglaikoli, nami nikataka kuongezea oili ya madini iliyokuwa kwenye ndoo. Hizo mbili hazipatani, zinagandana zikawa ute. Niliimwaga yote, nikaweka poliglaikoli mpya ya mnato 460. Na usije ukatumia oili yoyote ya gia uliyonayo: zile zenye viambato vikali vya salfa kwa ajili ya mizigo mizito hushambulia bronzi, na gurudumu la bronzi ndilo kipande ghali humo ndani.

Likabaki suala la joto. Mota ikitoa nguvu yake yote, asilimia 38 ya wati 550 ni wati 209, na zote zinaishia kuwa moto kwenye ganda la boksi. Ni sawa na kufungia balbu mbili za wati 100 ndani ya kabati, na kweli mimi nilikuwa nimelifungia ndani ya kabati, kwani kifuniko cha bati kilizunguka fremu yote kuzuia maji. Kipimajoto cha mwanga kilisoma nyuzi 96. Giaboksi ya mnyoo kufika 80 ni jambo la kawaida, mkono hauwezi kukaa juu yake na wala haina ugonjwa, lakini kuelekea 100 sili za mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Nikakata matundu ya mlalo kwenye bati upande ambao maji hayarukii, nikasogeza kifuniko kiachane na feni ya mota kwa vidole vitatu. Baada ya saa nne za kazi kipimo kilisoma 78. Laiti ningekuwa na milimita 190 za boksi na nyingine 50 za hewa tangu mwanzo.

Kulikuwa pia na kishindo. Kila mota ilipozimwa, meza iligonga "ko!" na chupa za ukingoni zikayumba. Kwa uwiano mkubwa mnyoo huzuia gurudumu lisiurudishe nyuma. Wengine wanalipenda hilo wakadhani wamepata breki ya bure, ingawa mtikisiko ukizidi huweza kuachia. Kwa meza nzito maana yake ni kwamba mnyoo unasimama ghafla na uzito wote uliokuwa unazunguka unajibamiza kwenye meno ya bronzi. Nilipanga inveta, kile kifaa cha umeme kinachodhibiti mwendo wa mota, ishushe mwendo kwa sekunde tatu badala ya kukata. Kishindo kikaisha siku hiyohiyo.

Mwanzoni pia nilikuwa nimelikaza boksi kwa bolti nne kwenye fremu huku shafti ya meza imepita katikati ya tundu la gurudumu lake. Shafti haikuwa imenyooka kikamilifu, ni nadra kuipata iliyonyooka hivyo, na kila mzunguko ilikuwa inavutana na bolti. Mara ya pili niliacha boksi lining'inie kwenye shafti na kulizuia lisizunguke kwa mkono mmoja wa chuma wenye bushi ya mpira. Mkono una sentimita 20, kwa hiyo hata mota ikitoa nyutoni mita zake zote 140 bushi inabeba nyutoni 700, jambo dogo. Uzito wa meza na chupa unabebwa na beringi ya meza yenyewe, haugusi giaboksi.

Jambo la mwisho liligunduliwa na kijana, si mimi. Nilipokuwa nataka kulirudisha boksi aliuliza tu, "Sasa siku nyingine tutalitoaje?" Nikanyamaza. Tundu la boksi lina urefu wa milimita 120. Ili lichomoke kwenye shafti lazima lishuke kiasi hichohicho, na chini yake kuna bomba.  Basi tukabadilisha shafti: badala ya ile iliyounganishwa kabisa na meza, tukachonga fupi yenye kichwa cha flenji, inafungwa kwa bolti sita kutoka juu ya sahani. Ukizitoa, shafti inachomoka kwenda juu na boksi linatelezeshwa pembeni. Tuliipaka pesti ya kuzuia kutu kabla ya kuipitisha, ili isishikane na tundu.

Oili ya kwanza baada ya matengenezo niliimwaga ilipofanya kazi saa 400. Ilitoka na vumbi la dhahabu, bronzi inayojilainisha kwenye mnyoo, na kijana akashtuka. Nikamwambia asubiri ya pili. Ya pili ilitoka na mng'ao hafifu tu, ukiiinua kwenye mwanga ndipo unauona. Kazi nzima, pamoja na kutoa shafti na kuangalia ile beringi ya juu, ilituchukua dakika 50.