Siku bomba la bloku lilipokataa kutoa maji

Mwezi wa nane mwaka 2014, kwenye banda la nyuma ya nyumba pale Bwiru, Mwanza, Land Rover Series III ya mjomba iliwaka tena baada ya kulala miaka tisa. Ni ile fupi, 88 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), yenye injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Enzi zake ilivuta mitumbwi kutoka majini kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kubeba nyavu. Bodi ni ya aluminiamu, haikutusumbua sana. Kutu ilikuwa kwenye chesisi na kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, na kila aluminiamu ilipogusana na chuma palikuwa na unga mweupe. Sehemu za kutu tulichomelea. Silinda za breki za magurudumu yote manne tulibadilisha. Kilichotutesa ni joto.

Ikisimama bandani iliweza kunguruma nusu saa bila shida. Ikianza kupanda kilima, haikupita dakika kumi mvuke ulitoka, na geji bado haijafika kwenye nyekundu. Tulibadilisha thermostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Tulibadilisha mfuniko wa rejeta, maana Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na mgandamizo huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wenye springi iliyochoka hapa unaumiza kuliko Dar es Salaam. Rejeta ilikwenda kwa fundi, akaifungua juu na chini na kupitisha waya kwenye kila mrija. Gari likachemka vilevile.

Ndipo mjomba akamleta mzee mmoja wa Nyakato, fundi aliyekwishaacha kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Washa."

Hakugusa spana. Aliacha injini ipate moto, akachovya vidole kwenye kopo la maji, akadondosha tone moja moja ubavuni mwa bloku, lile pande la chuma lenye silinda, kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele tone liliteleza likashuka. Katikati liliteleza polepole. Nyuma, usawa wa silinda ya nne, lililia tss likakauka palepale.

"Huku nyuma maji hayatembei. Zima, ipoe, halafu fungua bomba la bloku, lile la kumwagia maji."

Tulisubiri saa nzima na zaidi. Rejeta ilikuwa imejaa hadi shingoni. Bomba lilifunguliwa lote, na halikutoa hata tone.

Mzee akaingiza waya, akauzungusha. Likaanza kutoka tope jeusi lenye wekundu wa kutu, zito kama uji wa ulezi. Likakatika, likatoka tena.

"Gari hili mlikuwa mnalitia maji gani?"

"Ya ziwani, mzee," mjomba akajibu. "Kwa ndoo."

"Palepale mtumbwi unapovutwa?"

"Palepale."

Maji ya ufukweni, hasa mahali mtumbwi umeyachafua, huja na udongo laini na mchanga. Bloku ni ya chuma, na bila kulanti (dawa ya maji ya kupoza injini) nayo inamenyeka kutu kwa ndani. Pampu ya maji iko mbele, mwendo wa maji unapungua kadiri unavyokwenda nyuma, kwa hiyo uchafu wote unatua kuzunguka silinda ya nne. Sensa ya geji nayo iko mbele, karibu na thermostati, ndiyo maana ilionyesha hali ya mbele huku nyuma kunaungua. Dalili tulikuwa tumeziona mapema. Hedi, kile kichwa cha juu ya bloku, iliposhuka mara ya kwanza, rula ilipowekwa juu yake, fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10 ilipita chini upande wa nyuma tu. Tuliipeleka ikachongwa, na matundu ya maji ya nyuma yaliyokuwa na kahawia tuliyafuta kwa kitambaa. Tulidhani ni gamba la juu.

Hedi ikashuka tena, na gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, ikishabanwa hairudishwi. Nyingine ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Vile vifuniko vya bati vilivyopigwa ubavuni mwa bloku tulivitoa vyote tulivyoweza kuvifikia. Unagonga ukingo mmoja kwa patasi butu mpaka kifuniko kigeuke upande, kisha unakivuta kwa koleo. Ukikigonga katikati kwa nguvu kinazama ndani na kugonga ukuta wa silinda. Tulikwangua kwa waya uliopindwa, tukapuliza, tukasukuma maji ya bomba toka juu, tukarudia siku mbili hadi yatoke meupe. Kopo la rangi la lita moja lilijaa robo tatu: udongo, magamba ya kutu, na kikonokono kimoja kidogo, kizima.

Vifuniko vipya vinataka kiti kilichosuguliwa kwa msasa hadi king'ae, gundi kidogo, na soketi inayoenea ndani yake ili kiingie sawasawa bila kupinda. Hedi tulikaza bolti kubwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu: pauni-futi 30, kisha 50, kisha 65. Spana hapo ni za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini ina nafasi ya milimita 0.3, na nafasi hiyo ndiyo inayokula kona za nati.

Valvu zote nane, za kuingiza na za kutoa, huachiwa nafasi ya milimita 0.25 kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Valvu nambari 8 ikifunguka kabisa unarekebisha nambari 1. Ikifunguka 6 unarekebisha 3. Jumla siku zote ni 9, hata usipokuwa na kitabu. Injini ilipopata moto na kupoa, hedi ilikazwa upya na valvu zikapimwa tena, kwa sababu kukaza hedi kunabadilisha ile nafasi.

Tukaweka lita kumi hivi, nusu kulanti na nusu maji safi, tukaenda Igombe kwa njia ya uwanja wa ndege. Kurudi, kilima cha Bwiru tulikipanda kwa gia ya pili. Mzee alidondosha matone yake tena. Nyuma yaliteleza kama mbele.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, mjomba alitaka kuliona lile bomba likifunguliwa. Kulanti ya kijani ilitoka palepale, kwa nguvu, ikamlowesha viatu. Akainama, akaiangalia inavyomwagika, kisha akalifunga mwenyewe kwa vidole.