Siku nilipoliona bega langu

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa anapekua bahasha ya vyeti, akaikuta ripoti yangu ya zamani ya kipimo cha bega. Akaisoma kwa sauti, akakwama kwenye neno ultrasaundi, kisha akaniuliza: "Mama, kwani begani kulikuwa na mtoto?"

Hata wanawake niliokaa nao benchi siku ile ya kipimo walidhani hivyohivyo. Karibu wote walikuwa wajawazito. Mmoja alinisogezea nafasi, akasema, "Karibu mama, huyu ni wa ngapi?" Nikamwonyesha bega la kulia. Akaniangalia, akasema, "Pole sana." Pole ile niliihitaji kuliko alivyojua.

Mimi ni mwalimu. Ubao wa darasa la saba mnaujua, na miaka yote nimeuandika mkono ukiwa juu ya kichwa. Maumivu yalianza kidogokidogo, yakafika mahali usiku siwezi kulalia upande wa kulia, asubuhi siwezi kuvaa blauzi bila kusaidiwa. Eksirei ikaonyesha mfupa hauna tatizo. Nikaambiwa ni baridi yabisi, nikaambiwa ni umri, nikaandikiwa vidonge na dawa ya kuchua. Ofisini wakaanza kunong'ona kwamba nakwepa vipindi. Hakuna aliyenieleza kwamba eksirei huonyesha mfupa, na kwamba kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, iliyopita chini ya mfupa wa bega haionekani humo.

Daktari aliyenipima kwa ultrasaundi Dar alikuwa kijana, mpole. Alinipaka jeli ya baridi begani, akaniambia, "Mwalimu, peleka kiganja nyuma ya kiuno, kiwiko kielekee nyuma." Mkao ule huivuta kano itoke chini ya mfupa ili ionekane. Akapitisha kichwa cha mashine taratibu, huku na huku, akitafuta kama imechanika. Haikuchanika. Ilikuwa imevimba tu, na mistari yake myembamba imefifia. Akahamia bega la kushoto ili alinganishe, na hapo hata mimi nisiye na utaalamu niliona tofauti.

Kisha akageuza skrini ielekee kwangu. "Sasa inua mkono pembeni, polepole. Tuangalie wote."

Nikainua. Kwenye skrini ncha ya mfupa wa bega ilikuwa mstari mweupe, chini yake giza tupu. Kano ikaanza kuteleza kuingia chini ya mfupa, laini kabisa, hainiumi. Mkono ulipokaribia usawa wa bega nikaona kile kifuko chembamba cha majimaji, kilicholala juu ya kano, kikikwama ukingoni mwa mfupa na kujikunja, kama pindo la kanga lililobanwa na mlango. Sekunde ileile maumivu yakanichoma. Nikapiga kelele. Daktari akasema, "Hapohapo. Nimeona." Akaniomba nirudie, nikarudia, kikakunjamana tena mahali palepale.

Nililia. Sikulia kwa maumivu, hayo nilikwishayazoea. Nililia kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameyaona.

Yaliyofuata ni mafupi. Sindano moja, halafu miezi ya mazoezi kwa mtaalamu wa viungo, kuvuta mpira na kukaza misuli ya nyuma ya bega. Ubao nikaanza kuuandika nusu ya chini. Bega likatulia, ingawa ndoo ya maji bado naipandisha kwa mkono wa kushoto.

Baadaye nilianza kusoma, na kusoma kukanisumbua. Wazo kwamba kano husagwa na mfupa lilienezwa na daktari Charles Neer wa Marekani mwaka 1972, na kwa miaka mingi watu walifanyiwa upasuaji wa kuukwangua mfupa ule. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 313: waliokwanguliwa mfupa hawakupata nafuu zaidi kuliko wale waliopitishiwa kamera tu begani bila kukwanguliwa chochote. Tena wapo watu wengi ambao mabega yao yana kasoro kwenye picha na hawaumwi kabisa. Basi nilichokiona kwenye skrini kilikuwa chanzo cha maumivu yangu, au kilikuwa jambo lililotokea pamoja nayo? Nimemuuliza daktari zaidi ya mmoja, na majibu hayafanani. Ninachokijua ni kwamba tangu siku ile nililala nikiwa sina hofu kwamba nimechanganyikiwa, na mazoezi niliyafanya kwa moyo.

Nayasema haya kwa sababu wiki hii mwalimu mwenzangu amenitumia ripoti yake, maneno karibu yaleyale, naye ameshauriwa upasuaji. Nimemwambia aulize kwanza kama kano imechanika, maana hiyo ni habari nyingine kabisa, na aulize mazoezi yatapewa muda gani kabla ya kisu. Ameogopa kumhoji daktari peke yake. Jumatatu tunakwenda wote.