Swali la 9 lisipitwe juujuu

Kabla hata ya UVIKO-19 hali ya akili ya wanafunzi wa udaktari haikuwa shwari: uchambuzi wa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za nchi 43, ulikuta takriban 27% yao wana sonona au dalili zake. Korona ikaja, wengi wakaondolewa wodini, masomo yakahamia kwenye skrini.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 ya kupima dalili za sonona, huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila swali alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, muone mtaalamu. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, halingoji jumla: chochote zaidi ya 0 kishughulikiwe siku hiyohiyo. Wapo wanaodanganya hapo, wakihofia faili kumfikia mkuu wa kitivo. Basi mshauri asiwe yuleyule anayesahihisha mitihani yao.